Kupima Uwezo wa Akili Bila Kumpima Mtu Shule: Mwongozo Kamili kwa Wauguzi, Matabibu na Familia

Mwaka wangu wa pili kazini nilimpima bibi mmoja kwa fomu ya alama 30 tuliyofundishwa chuoni, ile ya MMSE iliyotungwa Marekani mwaka 1975. Nilimpa penseli achore pentagoni mbili zinazopishana. Aliishika kwa ngumi kama mtu anavyoshika mwiko, akavuta mstari mmoja uliotetemeka, akanirudishia penseli yangu. Alipata 17, na fomu inasema chini ya 24 kuna tatizo. Nikaandika kwenye faili kwamba ana dalili za ugonjwa wa kusahau.

Nilipokuwa namsindikiza alisimama mlangoni akamwambia mjukuu wake: yule mama wa duka anadaiwa lita saba za maziwa, tatu za Jumatatu na nne za juzi, na jirani wa chini ameshalipa nusu, asidaiwe yote. Nilirudi mezani nikaihesabu upya ile fomu. Alikosa alama 13. Nane kati ya hizo zilikuwa za darasani tupu: tano za kutoa saba saba kutoka mia, moja ya kusoma, moja ya kuandika sentensi, moja ya kuchora. Nyingine moja ilikuwa ya kutaja tupo ghorofa ya ngapi, na kituo chetu hakina ghorofa. Nilikuwa nimempima shule aliyonyimwa akiwa mtoto, kisha nikaiita ugonjwa.

Tangu siku hiyo kila ninapompima mtu najiuliza swali moja kabla ya mengine yote: huyu nimlinganishe na nani? Jibu langu ni kwamba mtu alinganishwe kwanza na yeye mwenyewe wa mwaka jana na mwaka juzi, halafu na watu waliokulia maisha kama yake. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya jibu hilo. Zinamfaa mhudumu wa zahanati, mwanafunzi wa uuguzi, na hata mtoto anayemwona mama yake anabadilika na hajui aanzie wapi.

Kabla ya yote: tatizo lilianza lini?

Akili ina kazi nyingi: kuwa makini, kukumbuka, kuzungumza na kuelewa, kupanga mambo na kuamua, kutambua mahali na maumbo, kusoma hisia za wenzio. Huwezi kuzipima zote kwa kikao kimoja, na hakuna haja. Unachohitaji mwanzoni ni kujua tatizo lilikuja kwa kasi gani.

Likiwa limekuja kwa saa au siku chache, na linapanda na kushuka (asubuhi anakutambua, jioni anakuita kwa jina la marehemu kaka yake), huo ni mkanganyiko wa ghafla wa akili. Ni dharura. Nyuma yake kuna malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, dawa, au damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Pima sukari hapo hapo, pima joto na shinikizo la damu, fanya kipimo cha malaria, halafu mpeleke kwa daktari. Fomu za kumbukumbu zitasubiri.

Likiwa limekuja polepole kwa miezi na miaka, unafikiria dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), huzuni ya muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, VVU, kaswende ya zamani, pombe. Likiwa lipo tangu utotoni, ni jambo jingine kabisa, na watu wa nyumbani watakwambia wazi: "Huyu tangu azaliwe yuko hivi."

Hatua ya kwanza: ondoa yanayojifanya kusahau

Anza na masikio. Mzee asiyesikia vizuri hujibu swali alilodhani ameulizwa, na mpimaji mwenye haraka huandika kwamba amechanganyikiwa. Simama nyuma yake, mnong'oneze namba tatu, uone kama atazirudia. Kama una kifaa, angalia nta. Nimeona watu wawili waliopona "kusahau" kwa kuoshwa masikio.

Halafu macho. Mwulize kama ana miwani na kama amekuja nayo. Mtoto wa jicho hufanya picha yoyote utakayomwonyesha iwe ukungu mtupu.

Omba mfuko wa dawa umwagwe mezani wote, pamoja na zile za duka la dawa na za jirani. Diazepamu, amitriptilini, promethazini na klofeniramini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton, zinaweza kuuvuruga ubongo wa mzee hata kwa dozi ambayo kijana hasikii kitu. Uliza pia kuhusu pombe bila kuhukumu, ya dukani na ya kienyeji.

Uliza usingizi, maumivu, njaa. Aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi na hajatia kitu kinywani, usimpime saa saba mchana. Mpe chai.

Mwisho, huzuni. Aliyefiwa, aliyenyang'anywa shamba, aliyeachwa na watoto, anaweza kuonekana kama aliyepoteza kumbukumbu. Dalili moja hunisaidia: mwenye huzuni mara nyingi hulalamika mwenyewe kwamba kichwa chake hakifanyi kazi, na ukimwuliza hujibu "sijui" kabla hajajaribu. Mwenye dimenshia mara nyingi huletwa na wengine, hujaribu kujibu, na hujaza pengo kwa jibu la kubuni. Haiwi hivyo kila mara, na wapo wenye yote mawili.

Hatua ya pili: lugha, salamu na heshima

Mpime kwa lugha anayoiota. Kwa wazee wengi wa bara Kiswahili ni lugha ya pili, na dimenshia huweza kugusa lugha ya pili mapema zaidi. Kichaga, Kisukuma, Kiluo, Kikamba, Kihaya: tafuta mfanyakazi mwenzako anayeijua. Usimtumie mjukuu kama mkalimani ukiweza kuepuka. Mjukuu humsaidia kujibu kwa mapenzi, na mzee atanyamaza kuliko kukiri mbele ya mtoto kwamba hajui leo ni siku gani. Mkwe ndiyo kabisa usimkalishe hapo.

Wanaopima Waswahili walio ughaibuni wakumbuke kwamba Kiswahili si kimoja. Mkimbizi wa Kongo aliyeko Marekani huenda akapewa mkalimani wa Mombasa, wakaelewana katika salamu na kupotezana katika maneno ya orodha. Wape dakika kumi za mazungumzo ya kawaida kwanza, uone wanasikilizana kiasi gani.

Salamu ni sehemu ya kipimo lakini usiiamini. "Shikamoo" na "marahaba", "habari za nyumbani" na "njema", ni maneno yaliyosemwa maelfu ya mara na hutoka yenyewe hata akili ikiwa imechoka sana. Nimekutana na babu aliyenipokea kwa adabu zote, akaniuliza za kazi, za watoto, za safari, nikadhani mzima. Dakika tano baadaye alinipokea tena kwa salamu zilezile, mwanzo hadi mwisho, na mimi sikuwa nimetoka chumbani.

Kisha eleza unachotaka kufanya. Kwa malezi yetu, mtu mzima haulizwi na kijana vitu ambavyo kijana mwenyewe anavijua. Ukimwonyesha mzee saa ya mkononi ukamwuliza "hii ni nini?", anaona unamdhihaki, na atakujibu kwa ukali au atakaa kimya. Mimi husema hivi: "Babu, nina maswali ambayo tunawauliza watu wote wa rika lako. Mengine ni mepesi mpaka yanachekesha, mengine ni magumu hata kwangu. Sikuulizi kwa kukudharau. Nataka kujua kichwa kinakusaidiaje." Nusu dakika, na kikao kizima hubadilika.

Katika baadhi ya makabila mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Ukimwuliza akanyamaza, usihesabu kosa. Uliza jina jingine.

Hatua ya tatu: msikilize anayeishi naye

Kwangu hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mchukue pembeni mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, sio yule mwenye cheo katika familia aliyefika jana kutoka mjini. Mwulize: ukilinganisha na miaka mitano iliyopita, amebadilika nini? Halafu shuka kwenye mambo ya kushikika.

Je, anatia chumvi mara mbili, au anasahau chungu jikoni? Akitumwa dukani anarudi na kilichotakiwa na chenji sahihi? Amewahi kupotea njia anayoipita kila siku? Anarudia hadithi ileile siku moja bila kujua? Kama alikuwa anatumia simu kupokea pesa, bado anaikumbuka namba ya siri? Kama anaswali, bado anajua yuko rakaa ya ngapi, na kama anasali rozari, bado anaimaliza? Alikuwa anacheza bao: bado anazihesabu kete au ameacha kwenda barazani? Ukoo bado unamwita kusuluhisha ugomvi na kupanga mahari, au siku hizi wanamkalisha tu kwa heshima?

Swali hilo la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Ukoo huacha kumwomba mtu ushauri muda mrefu kabla haujampeleka hospitali.

Angalia usiulize jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Babu ambaye hajawahi kupika maishani mwake hajapoteza uwezo wa kupika. Bibi ambaye pesa zote zilishikwa na mumewe hajashindwa hesabu za nyumba. Dodoso nyingi za kigeni huanguka hapa, kwa sababu huuliza kuhusu kulipa bili, kuendesha gari na kufuata ratiba ya treni.

Hatua ya nne: kipimo chenyewe, kwa asiyesoma

Mkoani Kilimanjaro, wilayani Hai, watafiti walichunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na kukadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Kutokana na kazi ya wilaya hiyo kikaja kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa kwa kuwafikiria watu ambao hawajashika kalamu. Hakuna kuandika wala kusoma. Jumla ni alama 15: 10 na zaidi, dimenshia haielekei, 8 au 9, inawezekana, 7 au pungufu, mashaka ni makubwa na mtu apelekwe kwa uchunguzi kamili. Alama za kila kipengele zimo kwenye fomu yenyewe, ipate na uifuate. Mimi nitaeleza yale ambayo fomu haikuambii.

Orodha ya maneno kumi. Unayasoma polepole, anayarudia anayoyakumbuka, na mnafanya hivyo mara tatu. Baada ya maswali mengine unamwuliza tena bila kumkumbusha, na hilo la baadaye ndilo linalobeba uzito. Asome mtu mmoja, kwa sauti moja, bila kuimba. Ukianza kuyapanga kama shairi, kumbukumbu ya mashairi ya Waswahili itakudanganya. Msiwe katika chumba chenye vitu vilivyomo kwenye orodha. Niliwahi kupima mtu chini ya kalenda yenye picha ya jiwe, na neno "jiwe" lilikuwamo.

Daraja ni nini? Hapa unatafuta kama anaweza kueleza kitu kwa maneno ya jumla. Wengi hujibu kwa daraja wanalolijua: "Lile la Kikafu?" Usikate tamaa wala usimsaidie. Mwambie, "Daraja lolote, mama, ni kitu gani?" Akisema "cha kuvukia mto", amekupa jibu.

Siku ya leo, na jina la mwenyekiti wa kijiji. Kabla ya kuingia chumbani hakikisha wewe mwenyewe unalijua jina hilo. Kama uchaguzi wa serikali ya mtaa umepita juzi, pokea la wa zamani lakini andika.

Wanyama kwa dakika moja. Swali hili linaonekana rahisi na lina mtego wa lugha. Kwa Kiingereza neno lao linabeba kila kiumbe. Kwa Kiswahili cha kawaida mnyama ni mwenye miguu minne. Kuku ni ndege, changu ni samaki, nyuki ni mdudu. Ukisema "nitajie wanyama", mzee wa Pemba aliyevua miaka hamsini atakutajia ng'ombe, mbuzi, paka, punda, kisha atanyamaza, huku kichwani ana samaki sitini. Sema wazi: "Nitajie viumbe vyote unavyovijua: wanyama, ndege, samaki, wadudu." Na uamue mapema utafanyaje mfugaji akianza kutaja ng'ombe kwa rangi na mabaka. Mimi nahesabu ng'ombe mara moja, lakini naandika pembeni kwamba alitaja aina kumi na mbili bila kujirudia, maana hiyo nayo ni habari ya akili yake.

Njiti za kiberiti. Unampangia umbo, anapanga lake kwa kufuata lako. Penseli imebadilishwa na kitu ambacho kila mtu amewahi kukishika, na hilo peke yake linaokoa wengi. Weka njiti juu ya kitambaa au karatasi isiyoteleza. Mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi mpe vijiti vikubwa zaidi.

Ukitaka kuongeza swali la mwelekeo wa wakati, usiulize majira kwa kalenda ya Ulaya. Uliza masika, vuli, kiangazi, kipupwe, au uliza kama sasa watu wanapanda, wanapalilia au wanavuna. Umri ukadirie kwa matukio: Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 ulimkuta yuko darasa la ngapi au anachunga? Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964? Operesheni Vijiji iliwahamisha? Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilimkuta ameshaoa? Kwa Kenya, Uhuru wa 1963 na kifo cha Mzee Kenyatta cha 1978 hufanya kazi hiyohiyo. Ukipanga matukio mawili matatu unapata umri, na papo hapo unapima kumbukumbu ya zamani, ambayo kwa kawaida hubaki imara wakati ile ya jana imeshaondoka.

Wenye elimu: mitego ya tafsiri

Mwalimu mstaafu akipewa IDEA anaweza kupata 15 hata kama mkewe anajua ameshaanza kupotea. Kwake tumia kipimo kigumu zaidi. MoCA kilichotoka Kanada mwaka 2005 kinashika mabadiliko madogo. Kina alama 30, kiwango cha kawaida ni 26, na mwenye miaka 12 ya shule au pungufu huongezewa alama moja. Lipo pia toleo la MoCA-B kwa wasiosoma au waliosoma kidogo. Kiwango cha 26 kilipatikana kwa watu wa Montreal, kwa hiyo usikitumie kama panga. Kiangalie pamoja na ile historia ya nyumbani.

Na ukikitumia kwa Kiswahili, fungua macho. Kuchora saa: kipimo kinataka mishale ionyeshe kumi na moja na dakika kumi kwa saa ya Kizungu. Kwetu hiyo ni saa tano na dakika kumi. Mpimaji aliyetafsiri neno kwa neno akasema "saa kumi na moja na dakika kumi" atapata mshale mfupi kwenye tano, jibu sahihi kabisa kwa alichouliza, na atamkata mtu alama. Kabla hujaanza, jichoree mwenyewe jibu unalolitegemea.

Maneno yanayoanza na herufi fulani: herufi F kwa Kiswahili ina maneno machache ukilinganisha na M, ambako ngeli ya mtu na ya mti inakumiminia maneno bila jasho. Huwezi kubadilisha herufi ukabaki na kiwango kilekile cha alama. Maneno ya kukumbuka: uso na rangi nyekundu havina shida, lakini ua la kizungu lisiloota kwetu halina picha kichwani mwa mtu. Picha ya ngamia ni rahisi kwa mtu wa Garissa, si lazima kwa mtu wa Tukuyu. Tarakimu zetu, moja hadi tisa, zina silabi mbili kila moja, za Kiingereza nyingi zina moja, na orodha ndefu ya sauti hushikwa kwa shida zaidi. Kwa hiyo tarakimu tano za Kiswahili si sawa na tano za Kiingereza.

Wagonjwa wa wodini

Kwa mkanganyiko wa ghafla nachagua kipimo cha 4AT, kwa sababu ni cha bure na hakizidi dakika chache. Kina mambo manne: yuko macho kiasi gani; umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka; kutaja miezi kinyumenyume; na kama hali imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Jumla ya 4 na zaidi inakuambia tafuta chanzo sasa hivi.

Miezi kinyumenyume ina shida yake kwetu. Wengi hawasemi Desemba, Novemba, wanasema mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Hapo umegeuza kipimo cha umakini kuwa kuhesabu kurudi nyuma, kazi nyepesi zaidi. Kama majina ya miezi hayamo kinywani mwake, jaribu siku za wiki na uandike kwamba umebadilisha. Nazo zina siri: kutoka Jumatano hadi Jumamosi majina ni hesabu tupu, tano, nne, tatu, pili, mosi. Kizingiti kiko kwenye Ijumaa na Alhamisi. Mtu asiye makini huteleza palepale, anaruka Alhamisi au anageuka na kuanza kwenda mbele. Sikiliza hapo.

Tarehe ya kuzaliwa ya kwenye kadi huenda ni makadirio ya karani. Mzee asipoijua, usimhukumu kwa hilo.

Wanaoishi na VVU

Kirusi hiki huweza kupunguza kasi ya kufikiri hata kwa kijana. Kipimo cha IHDS cha mwaka 2005 kilijaribiwa Kampala na Baltimore, kina alama 12, na 10 au pungufu huhitaji uchunguzi zaidi. Unampa maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Anagonganisha kidole gumba na cha shahada kwa kasi sekunde tano. Anarudia mfululizo wa mkono: ngumi mezani, kiganja chini, ubavu wa mkono. Kisha anayataja maneno. Mkono uliojaa sugu za jembe au ulioumia hautakimbia, kwa hiyo tazama mkono kabla ya kuhesabu. Katika CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, kipimo hiki kinafaa hasa kwa yule anayekosa dozi bila sababu. Kabla hujamwita mkaidi, jua kama anakumbuka.

Watoto

Mwanasaikolojia Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester mwaka 1979, akawapa kazi ya kunakili maumbo kwa vifaa mbalimbali. Kwa penseli, wa Uingereza walishinda. Kwa waya, wa Zambia walishinda, kwa sababu wamekua wakitengeneza magari ya waya. Kwa udongo walikuwa sawa. Akili zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kitu walichokishika. Huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti walikuta watoto waliojua vizuri dawa za mitishamba wakipata alama za chini zaidi katika vipimo vya msamiati wa shule. Yupo mtoto anayemtibu mdogo wake kwa majani sahihi huku mwalimu amemwandika mzito.

Kwa wadogo tumia vipimo vya ukuaji vilivyotengenezwa kwetu Afrika: MDAT ya Malawi, iliyotolewa mwaka 2010, kuanzia kuzaliwa hadi miaka sita, na kile kilichoundwa Kilifi, Kenya, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Mpime akiwa mapajani mwa mama, ameshiba, na ukae chini mkekani. Mtoto wa kwetu amefundishwa kunyamaza mbele ya mgeni mkubwa, na ukimya huo ni malezi mema. Mpe vizibo vya soda, kibuyu, kamba. Cheza naye robo saa kabla hujaandika chochote. Mwenye umri wa shule mwulize mama: ukimtuma vitu vitatu sokoni, analeta vyote? Anamwangalia mdogo wake? Mwenzake wa rika lake anafanya nini ambacho yeye hawezi?

Mtoto kiziwi apimwe kwa lugha ya alama na mtu anayeijua, la sivyo asipimwe kabisa mpaka apatikane. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyepata kiharusi akapoteza usemi: akili inaweza kuwa nzima nyuma ya mdomo uliofungwa. Mwombe aoneshe kwa kidole, afuate amri, achague kati ya vitu viwili.

Kutoa majibu na kuandika

Usimtamkie mtu "una dimenshia" kwa sababu ya kipimo cha dakika kumi na tano. Alama ndogo inasema mtu achunguzwe: damu, sukari, B12 na tezi vikipatikana, VVU, kaswende, na picha ya kichwa kama aliwahi kuanguka. Ieleze familia kwa lugha yao. Katika nyumba nyingi kusahau huitwa uzee tu, na katika nyingine bibi anayetangatanga usiku huitwa mchawi. Sema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kwamba hajafanya kwa makusudi, na kwamba hakuna aliyemroga wala aliyerogwa naye. Maneno hayo yakitoka kwa muuguzi huweza kumlinda mtu asipigwe. Halafu wape kazi: taa chooni usiku, kiberiti na sumu ya panya vifichwe, dawa agawe mtu mmoja, na mazungumzo na nyimbo za zamani kila siku. Huko Hai vikundi vya kuchangamsha akili vimeshajaribiwa kwa wazee wenye dimenshia, na si lazima kuwe na hospitali kubwa ili watu wanne wakae chini ya mwembe wakumbushane.

Faili liandikwe ili mwenzako wa miezi sita ijayo aweze kurudia vilevile, kwa lugha ileile na saa ileile, lakini kwa orodha nyingine ya maneno. Mfano wangu ni huu:

"Mwanamke, umri takriban 80 (Uhuru ulimkuta binti mwenye miaka kama 16). Hakusoma. Amepimwa kwa Kichaga, mkalimani muuguzi, saa tatu asubuhi, amekunywa chai, miwani hana, anasikia mnong'ono masikio yote. IDEA 12/15. Amekosa alama mbili za maneno ya kukumbuka na moja ya njiti. Anauza maziwa mwenyewe, anakumbuka madeni ya wateja watano, mjukuu amethibitisha. Hajapotea njia. Hana dalili za dimenshia leo. Apelekwe kliniki ya macho. Arudi mwezi wa tisa."